Kilwa Kisiwani: Pale Pepo za Msimu Zilipoishia



Niliahidi kuwaandikia kuhusu safari ya Kilwa. Wengi mmeniuliza, na wengine kwa maneno makali kidogo: "Sheikh, umeacha darsa wiki nzima kwenda kutazama magofu?" Ndiyo, nimekwenda kutazama magofu, na nimekwenda na vijana 14 wa madrasa yetu. Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, na imetukumbusha kwamba miongoni mwao wapo waliotushinda nguvu na waliojenga kuliko tulivyojenga sisi. Kutembea huko hakufanyiki kwenye simu.

Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu baada ya Alfajiri. Mimi ni mtu wa makamo, naikumbuka barabara ya kusini ya zamani, mvua ikinyesha mtu analala njiani akisubiri pantoni pale Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na leo vijana walivuka mto wakiwa wamelala. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza tulipofika, maana safari ni ya kilomita 300 hivi na ruhusa ya msafiri ni sadaka ya Allah kwetu. Naiandika hii kwa sababu kuna kijana alitaka kusali rakaa nne nne kwa bidii yake, na bidii ya namna hiyo inahitaji kusomeshwa.

Sasa wekeni ramani kichwani. Kuna Kilwa tatu, na mtu asipozitenganisha hataelewa kitu. Kuna Kilwa Masoko, iliyo bara kwenye rasi, ndiko makao ya wilaya, benki, hospitali na stendi. Kuna Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa bara upande wa kaskazini. Na kuna Kilwa Kisiwani, ambayo ndiyo Kilwa ya vitabu, iko baharini mbele ya Masoko, unaiona ukiwa umesimama ufukweni. Kutoka Masoko ni mwendo mfupi wa mashua. Tulilipa kiingilio cha magofu, tukapanda mashua ya mzee mmoja aliyezaliwa kisiwani, na yeye ndiye aliyekuwa ustadhi wetu siku ile. Mimi niligeuka mwanafunzi, na niliona raha.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni maji yenyewe. Kati ya kisiwa na rasi kuna kina kirefu, na pande zote kumezingirwa na ardhi, visiwa na miamba. Nje bahari ilikuwa imechafuka, maana tulikwenda Julai na kusi ilikuwa inavuma kwelikweli, lakini tulipoingia kwenye kivuli cha kisiwa maji yakatulia. Kisha ukikaribia mji wa zamani kuna ufukwe mpole ambapo jahazi linaweza kukaa maji yakipwa, likapakuliwa, likaelea tena yakijaa. Kina cha kulinda chombo na ufukwe wa kukilaza, mahali pamoja. Mzee akasema, "Hapa hakuna binadamu aliyechimba."

Lakini bandari nzuri ziko nyingi pwani hii. Kwa nini utajiri ule ulikuja kukaa hapa? Hili ndilo nililotaka vijana walielewe, na niliwakalisha chini ya mti tukalizungumza kwa muda mrefu.

Jiografia nilisoma mpaka kidato cha nne. Mwalimu wetu alichora mishale ya pepo za msimu ubaoni, tukainakili, tukaijibu kwenye mtihani, basi. Kumbe mishale ile ndiyo iliyojenga mji. Kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi hivi, upepo unavuma kutoka kaskazini mashariki, ndiyo kaskazi. Kuanzia Aprili unageuka, unavuma kutoka kusini, ndiyo kusi. Jahazi la Oman, la Yemen au la Gujarati linateremka na kaskazi, linafanya biashara, linarudi kwao na kusi. Sasa kaskazi hiyo ina mwisho wake. Kadiri unavyoshuka kusini inapungua nguvu, na ukipita mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji huwezi kuitegemea. Nahodha aliyetoka Uarabuni aliweza kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja. Akitaka kwenda mbele zaidi, hadi Sofala, alijiingiza kwenye hatari ya kukwama mwaka mzima wa pili ugenini.

Na Sofala ndiko dhahabu ilikotokea. Ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa pwani ya Msumbiji. Kutoka Sofala mpaka Kilwa ni zaidi ya kilomita 1,000 za bahari. Watu wa Kilwa ndio waliokwenda kuichukua kwa vyombo vyao, wakaileta, wakaiweka hapa ikimsubiri mgeni wa kaskazi. Mgeni naye alileta nguo, shanga, vyombo vya China. Mji ulikaa pale ambapo upepo wa mmoja unaishia na kazi ya mwingine inaanza.

Hapo nikawakumbusha vijana Suratu Quraysh, sura ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua kabla hajaota meno ya pili. Allah anawataja Maquraysh kwa safari zao mbili, ya msimu wa baridi na ya msimu wa joto, kisha anawataka wamuabudu Mola wa Nyumba ile aliyewalisha wakaepukana na njaa na akawapa amani. Wale walikuwa na misafara ya ngamia, hawa wa kwetu walikuwa na matanga, lakini mpango ni uleule: misimu miwili, njia mbili, riziki moja. Na katika Suratu Shura tunaambiwa kwamba Yeye akitaka huutuliza upepo, vyombo vikabaki vimeganda juu ya bahari. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alitikisa kichwa. Anajua maana ya siku hiyo.

Baraka ya mahali pale ilisafiri mbali. Sultani wa Kilwa alipiga sarafu zake mwenyewe za shaba, na maandishi yake yalipangwa kwa vina, jina la mtawala likiitikiana na kumtaja Mwenyezi Mungu. Sarafu moja ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia! Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. Vijana wangu walibishana nao bila kulipwa.

Mzee wa mashua alitupa somo jingine ambalo mimi kama imamu lilinifurahisha kuliko yote. Nilimuuliza anajuaje saa ya maji kujaa. Akanijibu kwa tarehe ya mwezi wetu! Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, yanasogea kidogo tu. Kwa hiyo mvuvi wa Kilwa asiyekuwa na kalenda ukutani anaweza kukuambia takriban tarehe ya Kiislamu kwa kuangalia ufukwe. Lakini upepo hauendi kwa mwezi, unaenda kwa jua, na mwaka wetu wa mwezi unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Ndiyo maana manahodha wa zamani walikuwa na hesabu ya pili, waliyoianzia Nairuzi, wakihesabu siku kumi kumi ili wajue lini kusi itageuka. Kwa Ramadhani waliangalia mwezi, kwa safari walihesabu Nairuzi, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba kuhesabu jua ni kuiacha dini. Siku hizi kuna watu wanaona kila hesabu wasiyoijua ni bidaa.

Kuna na hikaya ya kisiwa chenyewe. Inasemwa kwamba muasisi wa utawala wa Kilwa, Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Zamani, inasemwa, maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu kutoka bara. Muuzaji alipokea nguo zake akahamia bara, akiwa na nia ya kurudi siku moja avuke aue na atwae mali. Mnunuzi akachimba mkondo usipitike. Wengine kisiwani wanasimulia kwamba haukuchimbwa, palisomwa Qur'ani bahari ikajaa. Mimi hikaya naichukua kama hikaya, siijengei itikadi. Kinachonivutia ni kwamba wazee walijua usalama wa mji wao ulikuwa katika yale maji machache kati yao na bara, wakaona lazima yawe na kisa.

Tukaingia Msikiti Mkuu. Subhanallah. Sehemu ya kwanza ya msikiti huu ilijengwa karne ya 11 au 12, kisha mwanzoni mwa karne ya 14 ukapanuliwa kwa nguzo na kuba. Sehemu ile ya kuba iliwahi kuanguka, ikajengwa upya karne ya 15, na kuba kadhaa zimesimama mpaka leo, unatembea chini yake. Mawe yametoka baharini. Matumbawe yakikatwa mabichi ni laini, yanachongeka kama muhogo, yakikauka yanakuwa jiwe kwelikweli. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Maana yake bahari iliyoleta mali ndiyo iliyotoa na msikiti.

Nikasimama mbele ya mihrabu nikatoa dira kwenye simu. Kilwa iko nyuzi 39 na nusu mashariki, na Makka iko nyuzi 39 na pointi 8. Ziko karibu mstari mmoja! Kibla cha Kilwa ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Hebu fikirini maana yake kwa nahodha. Upande anaoelekea katika sala ndio upande kaskazi inakotoka na wageni wake, na ndio upande ambao kusi inampeleka akitaka kuhiji. Sultan al-Hasan mwenyewe, kabla hajakalia kiti, alisafiri akasoma Aden na akahiji.

Kijana akauliza kama inafaa kusali pale, kwa kuwa ni gofu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, msikiti ukishawekwa wakfu ardhi yake inabaki msikiti hata kuta zikianguka, hauuzwi wala haugeuzwi. Tukasali rakaa mbili za kuamkia msikiti. Watalii wawili walisimama wakatusubiri kwa adabu.

Baada ya sala nikawasimulia kisa cha Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, baada ya kulala usiku mmoja Mombasa, akaisifu kuwa ni katika miji mizuri. Alimkuta Sultan al-Hasan, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha siku ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa zake. Kisa hiki nimekisikia kwenye mimbari nyingi, na masheikh wengi hukiishia hapo, watu wakasema Allahu Akbar.

Ibn Battuta hakuishia hapo. Anaendelea kwamba mtoto wa sultani alizichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanamsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Na anasema pia kwamba sultani huyo alikuwa akienda mara kwa mara kupiga vita nchi za bara na kurudi na ngawira.

Pakawa kimya. Kisha kijana mmoja, mpole, huwa hasemi sana darasani, akauliza: "Sheikh, hii kuba tuliyosali chini yake, ilijengwa kwa pesa za watu wale?"

Ndugu zangu, swali hili lilinifanya nikae chini. Jibu la fikihi ni fupi: sala imesihi, na mali ile ilichanganyika dhahabu, ushuru, pembe na mengine, hakuna anayeweza kusema jiwe hili limelipwa na nini. Lakini yule kijana hakuwa akiulizia rakaa zake.

Nilimwambia ninachokijua. Katika Sahih Bukhari iko hadithi qudsi inayotaja watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sharia ilikuta utumwa duniani, ikafanya kumwacha mtu huru kuwa kafara na ibada. Wako wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuwa wakiimba kasida za Maulidi usiku na asubuhi wakipakia watu ambao jana yake walikuwa huru vijijini kwao. Mambo haya mawili yalikaa mji mmoja, na mimi sina ruhusa ya kusimulia moja nikaficha jingine.

Ndiyo maana kesho yake niliwapeleka Kivinje, ingawa haikuwa kwenye ratiba. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Wafaransa. Karne iliyofuata biashara ile ikahamia Kivinje. Ukifika Kivinje utashangaa: bandari si bandari. Ni tope na mikoko, maji yakipwa yanakimbia mbali kabisa, mashua zinalala ubavu. Vijana wakauliza, nani aache kina cha Kisiwani aje hapa? Wakatafuta wenyewe, na wakapata. Dhahabu ya Sofala ilikuja kwa bahari, ikahitaji kisiwa na kina. Watu waliokamatwa pande za Ziwa Nyasa walikuja kwa miguu, na msafara wa miguu unaishia bara. Jahazi la kuwapakia halihitaji kina, linakaa topeni likisubiri maji. Jiografia iligeuka kwa sababu bidhaa iligeuka. Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na hata baada ya hapo watu waliendelea kupitishwa kwa njia za nchi kavu.

Wako ndugu zetu wanaokasirika haya yakitajwa, wanasema tunawapa maadui silaha. Mimi naona aliyemwachia mwingine asimulie historia yake ndiye aliyetoa silaha. Na tusisahau kwamba Waislamu wengi wa kusini, na waumini wengi wa msikiti wetu, ni wajukuu wa watu waliopita njia ile. Wengine walikuwa ndani ya mnyororo, wengine walikuwa wameushika, na leo wanasimama safu moja.

Kuhusu kuanguka kwa mji, nitasema kidogo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja akadai kodi kwa mizinga. Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na jeshi, mji ukaporwa, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha wakaondoka. Kuna wanaosema Kilwa iliangamia kwa maasi ya watu wake. Elimu ya hilo iko kwa Allah. Ninachoweza kusema ni kwamba Wareno waliishika Sofala yenyewe, na mji ulioishi kwa kuwa katikati ukabaki bila upande mmoja. Ngome inayoonekana leo, wanayoiita Gereza, ni ya Waarabu wa Oman juu ya misingi ya zamani, na bahari imeila sehemu yake. UNESCO iliyatia magofu haya katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya hatari 2004, ikayatoa 2014 baada ya ukarabati. Mzee wetu alituonyesha mikoko ufukweni, akasema ikikatwa mawimbi yanapanda mpaka kwenye kuta.

Siku ya kurudi tulipita Masoko, mahali bandari ya uvuvi ilipokuwa ikijengwa. Ni kina kilekile alichotuonyesha mzee tukiwa kwenye mashua. Vijana walisimama kwenye uzio wanahesabu mashine, na yule mpole akaniuliza kama meli zitakazokuja hapa zitahitaji kusubiri kaskazi. Nikamwambia hapana, zina injini. Akafikiri kidogo, akasema, basi zinaweza kwenda popote.

Safari ijayo tumeipanga Januari, inshaallah, ili vijana waione kaskazi ikivuma. Tutalala usiku mmoja kisiwani kama wenyeji wataturidhia. Walioulizia nauli, waje ofisini baada ya Isha, na wazazi waandike ruhusa kwa mkono wao. Majaketi ya kuokolea yatakuwepo ya kutosha, asiyetaka kuvaa atabaki Masoko.

Wabillahi tawfiq.